Kikuku Nilichokiacha Wazi

Asifiwe Mungu aliyenivusha mto Songwe nikiwa hai, akaniachia mikono yote miwili. Kwa mikono hiyo ninaandika haya.

Ng'ambo ya mto nilikuwa fundi wa vikuku vya shaba, kazi niliyofundishwa na mama. Miaka ya hamsini ilipokaribia kwisha, askari wa mkoloni walichoma nyumba zetu. Mama alikuwa mgonjwa, akafia njiani. Mimi na wenzangu wa njiani tulimzika ukingoni mwa mto kwa haraka, bila kilio wala matanga. Nilichukua pete kubwa ya shaba aliyovaa kiunoni kama mkanda, nikaifunga ndani ya khanga.

Tusekile, mke wa kaka yangu, alinipokea shambani kwake juu ya Mbeya. Sikuweza kulia. Nikisikia buti barabarani nilijikojolea. Siku moja nilikata kipande cha pete ya mama, nikakifua kuwa kikuku, nikakigongelea mkono wa kushoto mpaka ncha zikashikana. Kila fundi wa kwetu huacha nafasi katikati ya ncha, kwa kuwa mkono hunenepa na kukonda. Mimi niliiziba makusudi. Niliapa hakitatoka mpaka nirudi kwetu.

Wakati wa kupalilia viazi, shaba ilinichubua. Nilifunika kidonda kwa kitambaa, nikaendelea kupalilia. Mkono ulivimba hadi kiwiko, kikuku kikazama ndani ya nyama. Tusekile alinusa usaha kabla hajaona kitu. Alinipeleka hospitali akinisema njia nzima, kwamba ugali wangu ni mabonge hata nikiwa na mikono miwili, sasa wa mkono mmoja ataula nani.

Daktari alitaka kukikata kikuku palepale. Nilikataa, nikamweleza kiapo changu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kikibaki hadi kesho, nitakata mkono."

Nilimgeukia Tusekile, nikitumaini atanitetea.

"Wifi," alisema, "mama yako yuko kaburini. Hayumo humo kwenye usaha."

Nikaomba koleo nikate mwenyewe. Mara mbili lilinitoka mkononi. Mara ya tatu shaba ilikatika, usaha ukamwagika, na kilio nilichokosa ukingoni kikatoka chote. Tusekile alilia nami, kama inavyopasa kwenye msiba. Daktari alisubiri tunyamaze, ndipo akasafisha kidonda.

Vidole vya mkono ule vilikuwa vimekakamaa kama vijiti. Kila asubuhi, baada ya sala, nilivilazimisha kunyoosha waya. Miezi ilipita. Kidole kidogo hakikunjiki hata leo, lakini kwa vingine nilikifua upya kikuku kile, nikaacha nafasi ya upana wa kidole. Alama ya koleo sikuisugua.

Jirani aliyekimbia kama mimi alikiona, akaleta ufunguo wa mlango wa nyumba yake iliyoungua. Niliuzungushia waya ukawa kidani. Nilipokuwa nikisokota, alinieleza mlango ulikotazama na nani alikuwa akiubisha. Hakuwahi kuyasema hayo kwa mtu. Wakaja wengine, na vifungo vya mashati, na vipini vya sufuria. Sikumfungia yeyote pambo lisilovulika.

Wewe uliyeondolewa kwenu, usifiche kidonda. Mwonyeshe daktari, na umtafute wa kulia naye. Mungu aliyenilinda akulinde uingiapo na utokapo, na popote utakapolala leo, akupe usingizi.