Mguu Mmoja Katika Eda

Baba alipofariki, mama alikalishwa eda katika chumba cha ndani cha nyumba yetu ya Matambarale. Shangazi, dada wa marehemu, ndiye aliyeisimamia, na aliisimamia kwa heshima iliyopita kiasi. Chakula mama aliletewa mkekani. Hata dirisha alifunguliwa na kufungiwa. Alipovuta ungo ili apepete ufuta, shangazi aliuondoa taratibu, akasema mjane wa kaka yake hatachoka katika nyumba hiyo. Dini inamtaka mjane asitoke nyumbani bila dharura, wala haimkatazi kutembea uani. Lakini kwetu mwanamke huoneshwa thamani ya ndoa yake kwa kuachwa asinyanyue kitu, na mwishowe asinyanyuke.

Mimi hufanya kazi Nachingwea, nikija kumwona mwishoni mwa juma. Safari moja nilimkuta ameunyoosha mguu wa kushoto juu ya mto. Ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi karibu na goti, ngozi imekaza na kung'aa, na nilipoweka kiganja nilikuta joto ambalo mguu wa pili haukuwa nalo. Shangazi alikuwa ameshika bakuli la mafuta ya moto, tayari kumchua.

Nilimzuia mkono, jambo ambalo mtoto hamfanyii shangazi yake. Nikaeleza kwamba mguu mmoja ukivimba hivyo, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuuchua kunaweza kulisukuma bonge hilo likafika mapafuni. Shangazi aliniuliza kama huko chuoni nilikosoma nilifundishwa na kuchua pia, maana yeye amechua nusu ya kijiji na hajamzika hata mmoja.

Mama alikataa kwenda hospitali. Nikamkumbusha kwamba ugonjwa ni dharura. Alilijua hilo kuliko mimi. Alichokiogopa ni macho ya majirani watakaomwona mjane ndani ya bajaji, eda haijaisha.

"Nimemstahi baba yako maisha yangu yote, mwanangu," alisema. "Nishindwe na siku hizi zilizobaki?"

Aliisema sentensi hiyo kwa vipande, akivuta pumzi katikati kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Shangazi naye alisikia. Akaliweka bakuli chini.

"Wifi, kaka yangu aliniachia mtu, hakuniachia maiti. Nyanyuka."

Hospitalini Ruangwa walimpiga picha ya mguu, wakaliona bonge. Kipande chake kilikuwa kimeshatangulia kifuani. Daktari alitueleza kwamba damu ya miguuni hupandishwa na misuli tunapotembea. Mguu ukitulia muda mrefu, damu hutuama, na kwa mzee ambaye mishipa yake imekwisha kulegea, ikituama huganda. Shangazi alisikiliza akiwa ameinama.

"Kwa hiyo ni kule kumtunza?" aliuliza.

Daktari alisema mama atumie dawa ya kuzuia damu kuganda, na akiruhusiwa kurudi nyumbani, atembee.

Eda aliimalizia uani, akizunguka polepole kando ya ukuta, shangazi akimshika kiwiko. Jirani mmoja alipouliza mjane gani huyu asiyetulia, kama anatafuta mchumba, shangazi alimjibu kwamba wachumba hawatafutwi nyuma ya jiko, na kwamba yeye aliyechungulia ndiye aseme anatafuta nini. Mama alicheka hadi akakohoa.

Lakini mguu haukurudi kama zamani. Jioni huvimba, na ngozi ya juu ya kifundo imeanza kuwa nyeusi. Tumeambiwa mshipa ulioumia hivyo haurudi upya. Shangazi hautazami. Mama akianza kunyanyuka, mikono ya shangazi humtangulia kumsaidia, kisha hurudi mapajani na kukaa hapo mpaka mama asimame mwenyewe.