Queally Aenda Kutafuta Mbwa

Nilimpelekea barua Dinny Queally kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa muda wote huo neno lake kwangu lilikuwa moja: "Tumbukiza uende zako." Nyuma ya nyumba yake mbwa wa mbio walipiga kelele kila waliposikia baiskeli yangu. Sijawahi kuwapenda mbwa, na nadhani wao walilijua hilo.

Queally alikuwa mfugaji wa mbwa wa mashindano. Hakuwa mkubwa. Hapa wilayani Tipperary wakubwa wana mashamba na wafanyakazi. Yeye alikuwa na mabanda mawili ya matofali na mabati, mbwa kumi na wanane au ishirini, na mkewe Attracta, aliyewapikia nyama na mikate mikavu katika sufuria ya kuchemshia nguo. Alishinda vikombe kadhaa. Kila mwaka majani yalipoanza kupukutika aliwatoa wote uani, akapita mmoja mmoja akiwabonyeza mapaja na mabega, akisema, "Huyu abaki. Huyu aende." Wa kwenda walichukuliwa na mtu mwenye gari jeupe lisilo na madirisha. Hakuna aliyeuliza gari lile lilielekea wapi. Mimi pia sikuuliza, na mimi nililiona mara nyingi kuliko wengine.

Attracta alikufa kwa kansa. Mwaka uliofuata nyonga ya Queally iliharibika, akawekewa ya chuma, akauza mbwa waliofaa kuuzwa, akafunga mabanda. Binti yao wa pekee anaishi mjini Cork. Huja Krismasi, hukaa saa mbili bila kuvua koti. Kisha macho ya mzee nayo yakafifia, akanyang'anywa leseni ya udereva.

Mwezi wa Februari wezi waliingia uani kwake wakanyonya mafuta yote ya kupashia nyumba joto, wakaacha tangi tupu, na yeye yumo ndani amelala. Asubuhi alivuka barabara akaja kugonga mlango wangu. Hakuwahi kufanya hivyo tangu tuzaliwe.

"Posta," alisema. Nimestaafu miaka sita sasa, lakini jina halijanibanduka. "Gari lako bado linatembea?"

"Linatembea."

"Jumamosi unipeleke kule kwa mbwa wa kutupwa. Nataka mbwa wa kubweka."

"Wewe? Si ulikuwa nao ishirini?"

"Wale walikuwa wa kukimbia. Unanipeleka ama hunipeleki? Usinisimamishe hapa kwenye baridi kama mwombaji."

Nilimpeleka kwa sababu nilitaka kumwona akiomba kitu. Huo ndio ukweli, na sijivunii.

Kituo kiko nyuma ya kiwanda cha maziwa kilichofungwa. Anayekiendesha ni Fidelma Tuohy, mwanamke wa miaka hamsini hivi, siku zote yumo ndani ya buti za mpira, nywele kazifunga kwa kamba ya marobota ya nyasi. Alituketisha kwenye kontena lenye hita ndogo, akachukua fomu na kalamu.

"Jina?"

"Queally."

Kalamu ilisimama. "Queally wa wapi?"

"Ballyfadeen."

"Umewahi kufuga mbwa, bwana Queally?"

"Mia tatu hivi."

"Wako wapi sasa?"

Fidelma aliweka kalamu chini taratibu.

"Mimi nitakwambia. Kumi na mmoja walipita hapa kwangu. Wana herufi zako zilizochanjwa sikioni, wino wa kijani, sihitaji hata miwani kuzisoma. Mmoja alikutwa amefungwa kwenye uzio wa reli. Wawili walitupwa langoni hapo ndani ya gunia. Kumi na mmoja, na hao ndio wenye bahati. Hao mia tatu kasoro wengine nimwulize nani?"

"Niliwakabidhi kwa mtu. Alichofanya yeye ni chake."

"Ulijua."

"Kila mtu alijua!" Queally alipiga meza kwa kiganja. "Mwulize Posta huyu. Alikuwa anakutana na lile gari langoni kwangu. Mwulize kama alimwambia polisi hata siku moja."

Fidelma alinigeukia. Nilitazama hita. Nilimchukia Queally wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia kwa miaka yote ya sanduku lake la barua.

"Simama," Fidelma alimwambia. "Kwanza njoo uwaone. Halafu uende nyumbani bila mbwa. Nataka tu uwaone."

Alitupitisha kwenye ujia wa saruji uliolowa maji ya kusafishia, vizimba kulia na kushoto. Makelele yalikuwa ya kukuziba masikio. Nilidhani mzee angepita ameinamisha kichwa. Kumbe alikuwa amechangamka. Alisimama mbele ya kila kizimba cha mbwa wa mbio, akisogeza uso karibu na wavu kwa sababu ya macho yake, na mdomo haukufungwa.

"Huyu alilelewa juu ya saruji, tazama viwiko. Huyu hakukimbia hata mara moja, mwoga wa kelele. Huyu wa kahawia..." Alisimama. "Mtembeze huyu."

"Si wako wa kuamrisha," Fidelma alisema.

"Mtembeze, mama, hatua nne tu."

Sijui kwa nini alikubali. Alimtoa yule jike wa kahawia, akamtembeza mbele na nyuma. Queally hakumtazama hata. Alifumba macho, akasikiliza kucha zikigonga saruji.

"Ana mfupa uliovunjika," alisema. "Kifundo cha nyuma, kulia. Ndiyo maana halalii upande ule."

"Daktari alimwona. Ni misuli."

"Daktari wenu ni wa paka. Hao wote huvunjikia hapo, kwenye kona ya uwanja, ndipo uzito wote unapoangukia. Mpige picha ya mfupa. Kama nimekosea njoo unitemee mate."

"Naweza kukutemea hata sasa," Fidelma alisema, lakini nilimwona akiinama kuutazama ule mguu.

Tuliendelea. Kwenye kizimba cha mwisho upande wa kushoto kulikuwa na jike mweusi, mwembamba, mdomo umeanza mvi. Alikuwa amelala kwenye blanketi lake akitutazama bila wasiwasi. Queally akasema, "Na huyu..." na hakumaliza. Kwa maneno hayo mawili yule mbwa aliruka, akakimbilia pembeni kabisa, akajikunja dhidi ya ukuta huku akitetemeka miguu yote minne. Mkojo ulianza kumtoka, ukatiririka juu ya saruji hadi kwenye viatu vyetu.

Fidelma aliingia, akapiga magoti palepale kwenye mkojo, akamkumbatia. Kisha akalikunja sikio la mbwa lielekee upande wetu.

"Amekaa hapa miaka mitatu," alisema kwa sauti ya chini. "Wanaume wanaingia humu kila siku, anawalamba mikono. Anaijua sauti yako."

Nilisubiri Queally ajibu kitu kikali. Aliinua vidole viwili hadi kwenye midomo yake, kana kwamba anajinyamazisha mwenyewe, akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kwa ile nyonga yake ya chuma, mpaka akawa nje ya ujia kabisa. Nilimfuata. Alikuwa amesimama kwenye manyunyu ya mvua bila kofia.

"Huyo ni binti wa Bess, jike wangu wa zamani," aliniambia. "Nilimpiga kwa kamba. Alikataa kuingia kwenye sanduku la kuanzia mbio. Attracta alinisihi nimwache."

"Twende nyumbani," nilisema.

"Bado sijapata mbwa."

Kiburi cha mtu yule! Upande wa pili wa uwanja, mbali na wenzake, palikuwa na kizimba kimoja chenye karatasi nyekundu mlangoni, na ndani mbwa mdogo wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, alikuwa akibweka hadi miguu ya mbele inanyanyuka kutoka chini. Fidelma alipotoka, magoti yamelowa, mzee alimwonyesha kidole.

"Yule."

"Hukunisikia kule ndani? Hapa hupati hata panya."

"Ana kosa gani?"

"Mossy? Ameuma watu wanne. Amerudishwa mara tatu. Mara ya mwisho alirudishwa na padri."

"Ananijua mimi?"

"Hakujui. Anachukia kila mtu."

"Basi huyo. Huyo hatanichukia zaidi ya wengine."

"Nenda zako, bwana Queally."

"Utampa nani mwingine? Nani atakuja hapa Jumamosi na watoto wake aseme, nipe yule anayeuma? Mimi nina mikono iliyokwisha kuumwa kila mahali. Tazama." Alivuta mikono ya sweta. Makovu yalikuwepo kweli, mengi, meupe.

"Posta," Fidelma aliniambia bila kumtazama, "mwondoe mtu huyu kabla sijachukua bomba la maji."

Nikamwondoa. Kwake nilimshusha bila kuzima injini.

Wiki tatu baadaye gari bovu la Fidelma lilisimama mbele ya nyumba ya Queally. Nilikuwa napogoa ua wangu, na sitasema uongo, nilisogea karibu ili nisikie. Hakumsalimia.

"Ule mfupa umevunjika kweli," alisema. "Kifundo cha kulia."

"Nilikwambia."

"Ulijuaje kwa kusikiliza tu?"

"Mama, nimevunja wengi."

Aliyasema hayo bila majigambo na bila kuomba radhi, kama mtu anayetaja umri wake. Fidelma akapita pembeni mwa nyumba kwenda kukagua uani, bila kuomba ruhusa. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Yale mabanda bado yamesimama."

"Ni mali yangu. Niliyajenga kwa mikono yangu na Attracta alinishikia ngazi."

"Yabomoe. Mossy hatalala nyumba yenye mabanda yale. Yakiwepo, siku moja utamfungia."

"Hukunipa mbwa na unanipa amri?"

"Ndiyo."

"Toka uani kwangu."

Akatoka. Niliamini mambo yameisha. Lakini Jumatatu nilisikia nyundo, na Jumanne, na siku zote za wiki ile. Mtu wa miaka sabini na minne mwenye nyonga ya chuma na macho ya kubahatisha alikuwa juu ya kiti cha jikoni akichomoa misumari. Sikwenda kumsaidia. Nilisimama dirishani na kikombe changu nikamwangalia akianguka mara moja, akiinuka, akilitukana bati. Banda la kwanza lilikwisha. La pili alilivunja mlango na paa, kuta akaziacha. Fidelma alipokuja kukagua, akauliza kwa nini kuta bado zipo.

"Nimechoka," Queally alisema. "Ukitaka zilale chini, nyundo ile pale."

Nilidhani Fidelma atageuza gari. Alienda kwenye buti la gari, akatoa kizimba cha kubebea, na ndani yake yule mdogo wa sikio lililochanika akinguruma kama mashine ya kukatia majani.

"Kwa majaribio," alisema. "Nitakuja siku yoyote, saa yoyote, bila kupiga simu. Nikikuta alama moja mwilini mwake, nitakuletea polisi, na Posta safari hii atasimama shahidi. Sivyo, Posta?"

"Nitasimama," nilisema.

"Na usimpigie kelele."

"Sina sauti tena," Queally alijibu.

Siku ya pili Mossy alimuuma kidole gumba mpaka kwenye mfupa. Nilimpeleka mzee kushonwa. Muuguzi alipomwuliza kama anataka mbwa yule aripotiwe, alimwambia ashone na aache maswali. Wiki ya nne alimuuma tena, mkono mwingine. Majira yote ya joto nilimwona akimvalisha kamba huku amevaa glavu za kuchomelea chuma, akimwongelesha kwa sauti ndogo sana, karibu kunong'ona, mtu ambaye zamani alisikika hadi kanisani. Mbwa alimjibu kwa meno. Hata hivyo walitembea, mara mbili kwa siku, mvua na jua, kila mmoja akivuta upande wake.

Fidelma alitimiza neno lake. Alikuja Jumapili, alikuja siku ya mazishi ya jirani, alikuja wakati mzee yuko bafuni. Safari moja Queally alimwuliza, akiwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, kama yule jike mweusi bado yuko kituoni.

"Amechukuliwa."

"Na nani?"

"Hilo huna haki nalo."

"Analala ndani?"

Fidelma alisita. "Kwenye kochi," alisema.

Queally alikifunga kiatu, akakifungua, akakifunga upya.

Sasa ni mwaka na nusu. Wezi hawajarudi, ingawa sidhani ni kwa ajili ya kubweka, maana Mossy habweki tena ila kwangu. Suruali zangu mbili ameshazichana. Wiki iliyopita Fidelma alimkuta amelala jikoni chini ya kiti cha Attracta, akampapasa mbavu kwa ncha za vidole, haraka, kabla hajang'atwa.

"Amenenepa kama robota. Unamlisha nini?"

"Ninachokula mimi."

"Bekoni?"

"Na siagi kidogo."

"Utamuua kwa ugonjwa wa moyo, mzee mjinga wewe. Nitamchukua."

"Mchukue basi. Ingiza mkono."

Mossy aliwaonyesha meno wote wawili. Fidelma hakuingiza mkono. Alimsomea mzee kipimo cha chakula, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, akamlazimisha akirudie kwa sauti kama mtoto wa shule, kisha akatoka akibamiza mlango. Queally alimfuata hadi kizingitini.

"Eksozi yako inatoa moshi mweusi!" alimpigia kelele. "Utaua watu barabarani!"

"Mtunze mbwa wako!" Fidelma alijibu kupitia dirisha la gari, akaondoka.