Mafunda ya Jumapili

Mchezo wenyewe haumshindi mtu kuujua, na ndiyo maana umewaharibu wengi. Kila mchezaji anapewa karata tatu, anazichungulia, anazifunika mezani. Ree, ile karata ya A, ina thamani ya kumi na moja, zenye picha ni kumi kila moja, zilizobaki zinahesabiwa kwa namba zake, na mwenye jumla kubwa ndiye mshindi. Kabla ya kufunua, watu wanawekeana. Anayeona zake ni nzuri, au anayetaka wenzake wadhani ni nzuri, anasukuma vizibo vya chupa katikati ya meza, au njiti za kiberiti, au chochote kilicho karibu. Kila kimoja ni funda moja la pombe. Mwenzake anafuata kwa idadi hiyohiyo, au anapandisha, au anaziacha karata zake. Anayeacha anakunywa funda moja la woga na kukaa pembeni. Wakibaki wawili wabishi, karata zinafunuliwa, na mwenye ndogo anayanywa mafunda yote yaliyolala mezani.

Mwenye kubwa hanywi kitu. Hapo ndipo pa kushika. Katika karata za pesa mshindi anaondoka na kitu mfukoni, lakini katika hizi anaondoka mikono mitupu, miguu imenyooka, na ushindi wake wote umeingia tumboni mwa mtu mwingine.

Bingwa wa mchezo huo mtaani kwao alikuwa fundi makochi, mgane wa makamo, mpole wa maneno na mkali wa macho. Kazi ndiyo iliyomfunza kutazama. Fundi makochi akiwa kazini huibana misumari midogo kwa midomo, anaitoa mmoja mmoja huku nyundo ikigonga, na hawezi kujibu hata akisalimiwa. Wateja hukaa pale wakaongea, wakajikanganya, wakajisahihisha, naye anaitikia kwa kichwa tu. Miaka yote hiyo ya kunyamaza ilimpa elimu ya nyuso za watu. Alimjua mteja atakayerudi kulichukua kochi lake na atakayeingia mitini, na hakukosea mara nyingi.

Jumapili ndiyo ilikuwa ikimtesa. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, nyumba iko kimya, na mtu hawezi kupiga nyundo Jumapili majirani wakamwacha salama. Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana aliifuta meza ya kukatia vitambaa, akapanga viti vitatu ambavyo wenyewe hawajavifuata, akamwaga mezani vifungo vya makochi, vile vya mviringo vilivyovishwa kitambaa. Kifungo kimoja, funda moja. Waliokuja walikuwa wawili: fundi bomba wa mtaa wa pili, na shemeji wa Fundi makochi mwenyewe.

Shemeji huyo alikuwa mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Ukimpelekea kipande cha ukuta kilichobabuka, alikuchanganyia rangi ileile mpaka usijue kiraka kiko wapi. Mcheshi, mkarimu, maneno kama redio. Alikuwa amemuoa mdogo wake Fundi, dada wa pekee, ambaye Fundi alimlea kwa mikono yake wazazi wao walipofariki. Alimsuka nywele upogo akampeleka shule hivyohivyo, naye binti akaenda bila kulalamika. Siku ya kumuoza, Fundi alimshika bwana harusi mkono na kumwambia maneno machache tu: huyu ndiye wa kwetu niliyebakiwa naye. Mtu wa kupewa mzigo kama huo alikuwa wa kuangaliwa vizuri, na Fundi kuangalia alikuwa anajua.

Basi akamwangalia, na kitu alichokiona kilimfurahisha kupita kiasi. Shemeji alipokuwa na karata mbovu na anataka kutisha watu, mkono wake wa kushoto ulipanda kukuna nyuma ya sikio. Fundi aliigundua siri hiyo mwanzoni kabisa, akaifungia moyoni, hata fundi bomba hakumwambia. Sikio likikunwa, Fundi anapandisha. Shemeji anafuata. Fundi anapandisha tena, taratibu, kifungo baada ya kifungo, kwa uso wa mtu anayewaza mambo ya kanisani. Karata zikifunuliwa, shemeji ana mbili, nne na saba.

"Umenimaliza, shemeji," anasema, na kuivuta glasi.

"Sheria ni sheria," Fundi anamjibu.

Fundi bomba ndiye aliyembandika jina la Bwana Kavu, kwa kuwa koo lake halikuwa likilowa. Jina likamkaa. Ningependa kusema kwamba alilichukia, lakini alilipenda sana, na sokoni akiitwa hivyo aligeuka haraka kuliko akiitwa kwa jina alilopewa na baba yake. Mtu ambaye hakuwahi kuwa wa kwanza darasani, wala kwenye mpira, wala kwenye urefu, alikuwa amepata kitu cha kumvimbisha kichwa.

Jua likianza kupoa alimshika shemeji mkono na kumsindikiza hadi mlangoni kwake. Dada alifungua akiwa na kanga begani.

"Kaka, umemfunga tena?"

"Nimemfunga."

"Siku moja umwachie basi na yeye ashinde, jamani."

Wakacheka wote watatu, shemeji akicheka kuwapita huku ameegemea fremu ya mlango. Mpaka leo Fundi amesahau karata nyingi, lakini kicheko hicho bado anakisikia.

Mambo yalibadilika polepole, kama kochi linavyobonyea upande wa mtu mmoja, na watu wa nyumbani ndio wanaochelewa kuona. Mikono ya shemeji ilianza kutetemeka asubuhi. Dukani alimchanganyia mteja rangi ya sebule ikatoka ukuta mmoja na sura mbili, na tajiri wake akamweka kuuza misumari na bawaba. Alikonda shingo, akanenepa tumbo. Weupe wa macho yake ukaingia unjano. Fundi aliyaona yote, maana mwenye macho yale angekosaje kuyaona? Alichosema ni kwamba kazi ya rangi ina kemikali mbaya, wenye maduka hawajali. Jumapili ikifika alimwaga vifungo mezani.

Siku moja katikati ya wiki dada yake alimkuta karakanani. Alikuwa mpishi wa shule, na bado alikuwa na aproni. Alikaa juu ya kochi lililovuliwa kitambaa, springi zikalia chini yake, na Fundi akaitema misumari kiganjani.

"Tumetoka hospitali," alisema. "Ni ini, kaka. Daktari amesema pombe aiache leo hii. Siyo apunguze, aiache. La sivyo nisije nikasema sikuambiwa."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema sawa. Yeye kila kitu ni sawa." Akajifuta uso kwa aproni. "Nakuomba kitu kimoja. Jumapili aje kwako kama kawaida. Nikimfungia nyumbani ataruka ukuta, namjua. Akikaa kwako, na wewe usimpe hata tone, mimi moyo wangu utatulia. Utaniangalizia?"

"Nitamwangalia, dada."

"Najua. Wewe ndiye ninayekutegemea."

Jumapili ile fundi bomba alipewa udhuru, asije. Fundi aliitoa chupa kabatini, akaimwaga nje penye mfereji, akajaza jagi maji ya kunywa na kuweka glasi mbili. Alikuwa amepanga vizuri kabisa. Leo angemwachia shemeji ashinde kidogo, apate raha, asiikumbuke pombe. Roho ilimuuma, lakini pia alijiona mtu mwema, na mtu akijiona mwema huwa haoni vingine.

Shemeji alikuja na shati lililopigwa pasi, akalitazama jagi, akatabasamu.

"Tunaoga au tunacheza?"

"Tunacheza. Sheria ni zilezile."

Fundi akagawa. Alipata malkia, tisa na nane, siyo mbaya. Akasukuma vifungo viwili. Shemeji akazichungulia zake, akakuna nyuma ya sikio, akaongeza vitatu. Hapo ule mpango mzuri ukayeyuka, kwa maana mkono una mazoea yake: Fundi aliliona sikio, na kabla hajakumbuka kuwa amepanga kushindwa, alikuwa amepandisha. Shemeji akafuata. Karata zikafunuliwa. Ree, mfalme na kumi.

"Kunywa, shemeji," alisema mchanganya rangi.

Fundi akanywa mafunda yake, akidhani ni bahati. Mzunguko wa pili alipata zenye picha mbili na tisa, karata za kutembea nazo kifua mbele. Shemeji hakukuna popote. Alisukuma vifungo vingi kwa mpigo mmoja, mkono hautetemeki, akamtazama machoni kwa utulivu ambao Fundi hakuwa ameuona kwake tangu amjue. Fundi akapima, akasita, akaingiwa na hofu ya kweli juu ya maji matupu. Akaziacha.

Shemeji akazigeuza zake moja moja. Mbili. Tatu. Tano.

Fundi alikunywa funda la woga. Waliendelea kwa muda, na kila mzunguko ulikwenda hivyohivyo, hadi tumbo likamjaa maji kama mtungi. Mwisho akaweka karata chini.

"Umejifunza lini?"

"Kujifunza nini, shemeji? Mimi karata nimezijua tangu shule."

"Na lile sikio?"

Shemeji akaanza kuvikusanya vifungo, akivipanga kwa rangi bila kufikiri, kama watu wa kazi yake wanavyofanya.

"Nilijua unaliona," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nalikuna."

Hata misumari mdomoni haikuwahi kumnyamazisha Fundi vile.

"Nikinywa mwenyewe, mimi mlevi," shemeji akaendelea, sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza kuchanganya kijani na nyeupe. "Mke wangu angenifukuza zamani. Lakini nikifungwa na kaka yake, huo ni mchezo. Nafika nyumbani nimebebwa na wewe, yeye anacheka. Nani angenipa pombe tamu kama hiyo? Leo ni maji. Maji yana utamu gani hata nishindwe?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nashindwa kusudi?" Akasukuma kirundo cha vifungo upande wa Fundi. "Ulikuwa unafurahi sana, shemeji. Na mimi nilikuwa nataka kunywa. Tulielewana."

Hapo ndipo palipomchoma, na angali anaungua. Angepigwa, angetukanwa, angevumilia. Lakini kuambiwa walielewana! Maana ilikuwa kweli. Aliyejiita mjuzi wa nyuso alimtazama mtu akizama mbele yake kila Jumapili, na alichoona ni sikio tu. Zaidi ya hapo hakutaka kuona, kwa kuwa zaidi ya hapo asingekuwa Bwana Kavu.

"Unisamehe," alisema.

"Gawa karata," shemeji akamjibu. "Bado mapema."

Waliendelea kucheza kwa maji kila Jumapili, na shemeji hakuonja tena pombe, hilo lisemwe kwa heshima yake. Lakini ini halikuwa na subira. Lililoharibika lilikuwa limeharibika, na Jumapili za maji zilikuwa chache mno kuzilipia zile nyingine. Mwishoni Fundi ndiye aliyemfuata kwake, akacheza naye kitandani juu ya trei, akimshikia karata pale vidole viliposhindwa. Mara nyingi alitamani kumwambia dada yake ukweli wa lile sikio. Maneno aliyapanga njiani, na alipofika mlangoni akamkuta amebeba beseni au amebeba dawa, akaona aache, atasema wiki ijayo. Wiki hazikutosha.

Msibani watu walijaa hadi uani. Fundi bomba aliketi pembeni, hakumwita mtu kwa jina la utani. Fundi alikuwa akipanga viti, akiokota vikombe, akitafuta kila kazi ya kumweka mbali na chumba cha wanawake, mpaka dada yake akatuma aitwe. Alimkuta ameketi mkekani, macho yamevimba. Shangazi mmoja akasogea, Fundi akaketi.

"Nilikuwa nawaambia hawa," dada alisema, akimshika mkono mbele ya wote. "Wanawake wengine wanaume wao waliokotwa barabarani. Mimi Jumapili nilikuwa nalala mchana, nalala kabisa, nimechoka na masufuria ya wiki nzima. Kwa sababu najua yuko wapi. Yuko kwa kaka, na kaka hanywi."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Shangazi alisema Mungu amzidishie. Fundi alikuwa na maneno yote tayari, kwa mpangilio, tangu la kwanza hadi la mwisho. Akamtazama dada yake, akaona kwamba katika nyumba ile yote hicho ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumfariji.

"Ulinitunzia, kaka."

"Ndiyo, dada," alisema.

Dada akalaza kichwa begani mwake, na kwa mara ya kwanza tangu wazike, akasinzia.