Nyumba ya Profira Mjini Cluj

Profira alichoka kabla basi la kwenda Cluj halijatoka Vaslui. Alikuwa ameuza nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, Neculai, kwa matofali ya udongo walioukanyaga wenyewe kila walipotoka kwenye shamba la ushirika. Enzi hizo za wakomunisti, wa Vaslui na wa Cluj walikuwa hoi sawasawa. Siku hizi Cluj maghorofa yanaota kila kukicha, na kijijini kwa Profira hata duka la mkate limefungwa.

"Umeuza na kisima?" jirani yake Catinca alimuuliza. "Na mizabibu?"

"Vyote. Kaburi la Neculai nakuachia wewe ulipalilie."

"Ukichoka huko, rudi."

"Nirudi wapi, mwenzangu?"

Binti yake, Mioara, alikuwa amemwambia kwenye simu: "Mama, leta hela tukununulie kitu huku, kwa jina lako." Profira akajiona ana chumba chake na dirisha lake. Hakutaka makuu. Alitaka tu asiwe mgeni kwa mkwewe hadi kufa.

Mkwe mwenyewe, Horea, akampokea vizuri, akamteremsha kwa lifti hadi chini kabisa ya jengo wanamoishi. Akamwonyesha mistari myeupe sakafuni, kati ya nguzo mbili.

"Ndiyo hii, Mama. Watu wanaigombania."

"Ndiyo nini?"

"Maegesho ya gari. Tumeandika jina lako."

Profira akatazama huku na huku. "Na chumba?"

"Mama, huku hela ile hainunui hata choo," Mioara akasema, macho chini. "Utalala sebuleni. Kochi linakunjuka."

Miaka thelathini ya jasho, jamani, na gari ndilo limepata pa kulala. Profira aliumia, lakini nguvu za kugomba hakuwa nazo.

Basi kila asubuhi, wenzake wakienda kazini, hushuka na kiti cha jikoni, akakaa katikati ya mistari yake akimenya viazi.

"Bibi, umepotea?" jirani mmoja alimuuliza.

"Nipo kwangu."

Siku moja Horea akarudi mapema. Taa za gari zikammulika, gari likasimama. Hakupiga honi. Akashusha kioo.

"Samahani, Mama. Naomba niegeshe."

"Egesha, mwanangu."

Profira akaokota maganda ya viazi, akanyanyua kiti chake, akampisha.