Pazia, Mwambie

Nilipoletewa lile jalada nilikuwa napeta mchele, na ungo ulinitoka mikononi. Bendi yetu ya Tunduma ilikuwa inatimiza miaka arobaini, na kijana mmoja mwenye studio Mbeya alikuwa amekusanya nyimbo zake bora kwenye sidii moja. Mbele kulikuwa na picha ya zamani ya wanaume wanne na ala zao. Nyuma kulikuwa na majina: mpiga solo, mpiga ridhimu, mpiga besi, mpiga drams. Wamemkumbuka hata fundi wa jenereta, Mungu amrehemu. Mimi niliyeimba karibu nyimbo zote, simo.

Nililigeuza, nikaligeuza tena, kama vile ningekuwa nimejificha pembeni. Mtu asiniambie eti nisijali, eti muziki ni wa Mungu. Mungu hakusimama na mimba ya miezi saba katika ukumbi uliojaa moshi akiwaimbia madereva wa malori. Nilisimama mimi.

Nieleze ilivyokuwa, maana vijana wanaona tulikuwa washamba tu. Mpiga solo na mkuu wa bendi ni baba mkwe wangu. Alifanya kazi migodini Zambia akiwa kijana, akarudi na gitaa la umeme na ile roki ya huko, gitaa linalonguruma hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Mwanawe, mume wangu, ndiye aliyekuwa akipiga drams. Mimi ni binti wa Isansa, nimeolewa kwao Mbebe, kule milimani Ileje, na kwao mkamwana hakai mbele ya baba mkwe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, na yeye vilevile hamtaji mkamwana wake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Tangu niolewe uso wake naujua kwenye picha tu.

Wakati huo tulikaa wote nyumba moja hapa Tunduma, na mazoezi yalifanyika sebuleni. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la maua, nakunja nguo. Siku moja wimbo ulikuwa unawashinda. Kila aliyejaribu kuimba sauti ilimkatikia juu. Nikauimba mimi kule ndani, kwa kujisahau tu. Magitaa yalinyamaza na mimi nikataka kufa kwa aibu. Ndipo nikamsikia mzee akisema, "Pazia, mwambie huyo arudie, na aongeze sauti."

Ndivyo tulivyoongea miaka yote. Akiwa na neno nami anamwambia pazia, nami namjibu pazia. Tulipoanza kualikwa kumbi za Vwawa na ng'ambo ya mpaka, pazia lilisafiri nasi. Walilifunga kwenye waya pembeni mwa jukwaa, nikaingia mimi na maikrofoni na mwiko. Mwiko ulikuwa wa kuwachapa walevi waliotaka kufunua waone. Wazambia waliniita bamayo, yaani mama, wa pazia. Wengine walisema ni mashine inayoimba. Hata siku ya kurekodi nilikuwa nyuma ya pazia, na siku ya picha nilikuwa nyuma ya pazia, ndiyo maana ukiitazama ile picha vizuri utaona ua moja jekundu pembeni, karibu na bega la mpiga besi. Hilo ua ndilo mimi.

Nilimpigia simu yule kijana.

"Mama, tulia," alisema. "Majina nilipewa na mzee mwenyewe. Na kazi imeshachapwa."

"Na hiyo sauti ya kike uliyoisikia, ulidhani ni ya mpiga besi?"

Akacheka. Akacheka! Kisha akasema siku ya uzinduzi wazee watapiga magitaa na sauti itatoka kwenye kompyuta, safi kabisa, na mimi nitawasaidia sana nikisimamia upande wa jikoni. Nilikata simu kabla sijatamka neno la kuniharibia ibada.

Lakini si yeye aliyeniumiza zaidi. Majina alipewa na mzee. Mzee ambaye nilimwimbia mpaka koo likatoa damu, ambaye nimempikia tangu mkewe afariki, sahani yake nikiiacha mlangoni na kugonga ukuta. Mume wangu tumeshamzika, hivyo hakukuwa na wa kunisemea. Wazee wale wengine wawili niliwauliza, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshanitaja. Asante ya punda ni mateke. Siku ya uzinduzi nilienda ukumbini, nikapika wali wao, na chumvi niliitia kwa hasira.

Jiko la ukumbi ule limetazamana na jukwaa, mlango wazi. Mgeni rasmi kutoka Vwawa alihutubia kuhusu fursa za vijana, watu wakapiga makofi ya njaa. Kisha wazee watatu wakapanda na kijana mmoja wa kuwapigia drams. Mimi nilisimama mlangoni, nimewapa mgongo kama inavyotakiwa. Kompyuta ikaanza kuimba kwa sauti yangu, sauti ya binti wa miaka ishirini, imeoshwa na kupigwa pasi.

Magitaa hayakuingia. Kompyuta iliimba peke yake ubeti mzima, watu wakaanza kuguna, mpaka kijana wa Mbeya akaizima. Ndipo nikasikia sauti ya mzee kwenye maikrofoni, imechakaa lakini ni ileile.

"Pazia, mwambie huyo mimi sianzi mpaka aanze yeye."

Watu walicheka. Pazia lenyewe halikuwepo, nililifanya matambara zamani, na walidhani mzee amechanganyikiwa. Sikucheka. Nilijibu kwa sauti ya kujaza ukumbi mzima:

"Pazia, mwambie baba nimesikia. Lakini kwanza wasome majina yaliyoandikwa kwenye hilo jalada, halafu waniambie kati ya hao anayeimba ni nani."

Mzee akamwambia kijana wa Mbeya, "Soma." Kijana akasoma kwa haraka, mpaka fundi wa jenereta.

"Endelea," mzee alisema.

"Wameisha, mzee."

"Hawajaisha. Ulipokuja nyumbani nilikuambia hawa ndio ninaoweza kuwataja. Nikanyamaza nikisubiri uniulize asiyetajika ni nani, nikutume kwa majirani wakutajie. Wewe ukafunga begi lako ukaondoka."

Mikono yangu ilikuwa na unga wa bizari, nikajifuta uso hivyohivyo. Kwa hiyo hakuwa amenisahau. Aliniacha nje kwa sababu ya heshima ileile, na mtoto wa watu hakuwa na adabu ya kuuliza. Hata wazee wale wawili waliokuwa huru kunitaja walikaa kimya. Hasira yangu haikuisha, ilihama tu, na nyingine ilibaki palepale. Heshima gani hii inayomfuta mtu?

"Nenda kamuulize mwenyewe," mzee alimalizia.

Kijana alishuka na maikrofoni, akapita katikati ya meza hadi kwenye masufuria. Hakuwa anacheka tena.

"Samahani, mama. Jina lako nani?"

Nililitaja, lote, na la baba yangu, na la babu. Ukumbi ulipiga makofi na mtu mmoja akapiga mluzi. Kijana akaninyooshea maikrofoni niimbe. Sikuipokea. Maboksi ya sidii yalikuwa yamepangwa mlangoni, marefu kama kaunta ya baa.

"Kalamu unayo?" nilimuuliza.

"Ninayo, mama."

"Basi andika."

Akatazama maboksi, akanitazama mimi. "Kwenye jalada lipi, mama?"

"Yote."