Bakuli Lililokosa Mlio

Nimeuza vyombo vya mitumba pale Riruta, kando ya Naivasha Road, tangu kifungua mimba wangu akiwa tumboni. Sahani, mabakuli, vikombe vilivyopoteza wenzao. Sinunui chombo kabla sijakigonga kwa ukucha na kukisikiliza. Kizima hulia. Kilichopasuka hukohoa, hata kama jicho halioni kitu.

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa sanaa, hunicheka kwa tabia hiyo. Ndiye aliyenipeleka kuona vyombo vya udongo vya Kijapani katika jumba la sanaa la mtu binafsi, kule Loresho. Nilivaa rinda langu la kanisani.

Kwa saa nzima nilitembea mikono ikiwa mgongoni, nisije nikagusa kitu. Kulikuwa na mitungi ya rangi ya majivu, sahani za buluu zenye samaki, na kijagi kilichopinda upande mmoja. Mimi ningekificha nyuma ya meza. Hapa kilikuwa na taa yake peke yake. Kadiri nilivyokitazama, ndivyo kilivyozidi kunipendeza.

Mwishoni tuliketishwa, watu kama kumi, tuonyeshwe chai ya Kijapani inavyokorogwa. Mwongozaji, mwanamume wa makamo mwenye aproni nyeusi, alikuwa na mabakuli mawili. Alisema ni pacha: fundi mmoja, udongo mmoja, tanuri moja. Akatia unga wa chai katika la kwanza, kisha akagonga kijiko cha mwanzi ukingoni. Likalia. Akafanya vivyo hivyo kwa la pili. Likakohoa.

Nikamtazama mwalimu. Hakuwa amesikia kitu. Mwongozaji akainua birika la maji ya moto.

"Ngoja kidogo, bwana," nikasema nikisimama. "Hiyo ya pili imepasuka."

Watu wote wakanigeukia. Mwongozaji akatabasamu. "Hapana, mama. Ni udongo tu, ndivyo ulivyo. Tumeikagua jana."

"Si umesema ni pacha? Mbona moja inaimba na hii ingine inakohoa? Ukimwaga maji moto hapo, itafunguka."

Mwalimu alinivuta mkono wa rinda. Masikio yaliniwaka, lakini sikuketi. Miaka yote hiyo ya kusikiliza vyombo, ningeanzaje kuyakana masikio yangu mbele ya wageni?

Ndipo mwenye jumba, mama mzee aliyeketi kiti cha nyuma, akaja mbele. Akamwaga ule unga, akalifuta bakuli kwa kitambaa, akalimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Akaligeuza polepole. Karibu na kitako, mkono wake ukasimama. Palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele.

Mwongozaji akaweka birika chini kwa mikono miwili. "Pole, mama. Sikusikia."

Mtu akapiga makofi, kisha wote. Mwalimu ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi, kana kwamba si yeye aliyekuwa akinivuta.

"Umesomea wapi?" mwenye jumba akaniuliza.

"Naivasha Road."

Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akatoa funguo mfukoni, akafungua kabati la kwanza la vioo, akaniambia, "Njoo uniambie hawa wengine wanasemaje."

Nikanawa mikono, nikaanza kugonga, chombo baada ya chombo. Bakuli la tatu lililia kwa muda mrefu, sote tukasimama tukilingoja limalize.