Filta Iliyokaukia Chumbani

Binti yangu ana sikoseli. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiona tangi la samaki kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili hapa Kamunyonge, Musoma, wanadhani tunaringa. Mtoto wa miaka saba anaishi dakika kumi kwa miguu kutoka ziwani na haruhusiwi kuoga ziwani. Maji baridi yanamwamshia maumivu ya mifupa, na maumivu yakiamka tunaenda kulazwa. Wenzake wanarudi na nguo zimelowa, wanamsimulia nani kapiga mbizi na nani kanywa maji, naye anawasikiliza kwa adabu, kama anasimuliwa habari za Ulaya. Nilikuwa nawachukia wale watoto. Naandika hivyo hivyo. Niliwachukia watoto wa watu kwa kosa la kulowa.

Tangi alilileta mume wangu. Anafanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu Buhemba, anakuja mara moja kwa mwezi, na safari hiyo alikuja na sanduku la vioo alilopewa na mtu aliyefunga gesti yake. Halikuwa na filta wala mfuniko. "Mwekee mtoto samaki," akasema. Akala, akalala, kesho yake akaondoka.

Samaki aliwaleta baba mkwe. Amevua maisha yake yote kule vijiji vya rasini, sasa magoti yamekataa. Alifika na furu saba ndani ya ndoo, wale samaki wadogo wa ziwani ambao sisi tunawakaangaga bila hata kuwahesabu. Mmoja alikuwa dume la bluu, mkia mwekundu. Aliliangalia tangi, wakati huo bado liko sebuleni, akaiangalia waya ya umeme ukutani.

"Nimevua mpaka nimezeeka," akasema, "sijawahi kuona furu analipiwa luku."

Binti yangu alicheka hadi akakaa chini.

Kuna jambo la kwetu lazima nilieleze. Baba mkwe haingii chumba anacholala mkamwana wake. Hachungulii hata pazia likiwa wazi. Hanipi mkono, chai namwekea mezani, nikiondoa mkono ndiyo anachukua. Hata kwa wazazi wangu Butiama ni hivyo hivyo, sikuona ajabu. Na tangi nililiweka chumbani, mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Mtoto akiumwa anashinda kule kwenye kitanda chake, na soketi isiyocheza iko kule. Kwa hiyo mzee aliwaona samaki wake mara ya mwisho siku ile ndoo ilipopita kwenye pazia. Kuanzia hapo akija kutusalimia alikuwa anakaa sebuleni na kuwauliza kwa sauti.

"Mjukuu wangu! Yule wa bluu anakula?"

"Anakula, babu!"

"Anafukuza wenzake?"

"Anawafukuza mpaka pembeni!"

"Basi ni mzima. Dume la furu likiacha ugomvi, ujue linaumwa."

"Kama baba?"

"Kama babako, tena yule akiumwa analia."

Wiki za kwanza sikuwa na filta. Nilikuwa nachota nusu ya maji kila siku na kuongeza mengine, ya bomba, yaliyokaa ndooni tangu jana yake ili dawa itoke. Mgongo ukaniambia basi. Nikaanza kuulizia filta.

Siku za gulio naendaga Bunda kuuza nguo za mtumba, na huko kuna mama anafuga vifaranga vya sato. Nilimuuliza filta ipi ni nzuri. Hakuniangalia, alikuwa anachambua pumba.

"Usiniulize ipi nzuri. Niulize umeme ukikatika na wewe haupo, ukirudi, ipi inaamka yenyewe."

"Haya, ipi?"

"Ya sponji. Sponji ndani ya maji, pampu ya hewa nje, basi. Hewa inapita, uchafu unabaki kwenye sponji. Umeme ukirudi inaendelea, haimsubiri mtu. Kelele inayo, sikudanganyi. Kama mashine ya kunyolea."

Dukani Musoma nilizikuta mbili. Ya sponji muuzaji aliiwasha, ikanguruma, rafu nzima ikatetemeka. Ya pili unaining'iniza kwenye ukingo wa kioo. Inavuta maji juu, inayapitisha kwenye pamba, yanarudi tangini kama kamfereji kadogo. Haikusikika kabisa, isipokuwa maji.

"Dada, hii hata ukilala nayo," muuzaji akasema. "Mume wako anakoroma kuliko hii."

"Mume wangu yuko Buhemba."

"Basi ni amani tupu!"

"Na umeme ukikatika?"

"Ukirudi inaendelea. Labda siku moja moja unaiongezea maji, kikombe tu."

Ile "labda" niliisikia. Nataka ijulikane kwamba niliisikia. Lakini mimi nimeshalala na mtoto ambaye maumivu yakimshika, hata kijiko kikigonga kikombe anajikunja. Ningemwekea vipi mashine ya kunyolea kichwani? Nikachukua ile tulivu.

Na kweli, kila umeme uliporudi ile filta ilikuwa inakwaruza kavu mpaka niimiminie kikombe cha maji, ikohoe, ivute, iendelee. Nilizoea kama kuzima taa. Jambo lenyewe dogo, sikumwambia mtu.

Halafu maumivu yakamshika asubuhi, mgongo na miguu yote miwili, tukalazwa siku sita. Mzee alikuja kutulindia nyumba, akawa analala kwenye kochi sebuleni. Jirani yangu mwanamke nilimwomba awe anaingia chumbani kulisha samaki. Mtoto wangu wodini hakuomba soda wala katuni. Alikuwa anauliza jambo moja.

"Mama, wapo?"

Napiga simu, naweka spika.

"Babu, wapo?"

"Nasikia maji yao yanaanguka, mjukuu wangu. Wapo."

Na mimi nikamwapia, dripu ikiwa mkononi mwake, kwamba atawakuta wote saba. Mtu unamwapia mtoto wako ili ameze dawa.

Siku ya nne mzee alisema, "Wewe pona kwanza." Siku ya tano hakupokea. Nilidhani ni chaji.

Tuliporudi mzee alikuwa amesimama uani, kofia mkononi. Nilimtangulia mtoto, nikafungua pazia. Wote saba walikuwa juu ya maji, wa bluu amekuwa rangi ya majivu. Filta ilikuwa bado inakwaruza, kavu, nikiigusa ya moto.

Nilitoka nikamkabili. Mkamwana hamkabili baba mkwe. Nilimkabili.

"Baba, umeme ulikatika lini?"

"Juzi asubuhi. Ulirudi mchana."

"Ukasikia maji hayaanguki?"

"Nilisikia."

"Ukasikia mashine inakwaruza?"

"Nilisikia, mama. Nilimwita jirani yako, kwake wakasema ameenda msibani Butiama."

"Mtaa mzima hauna mwanamke?"

"Nimwingize chumbani kwako mtu nisiyemjua?"

"Ilikuwa kikombe, baba! Kikombe kimoja cha maji!"

"Hukuniambia," akasema taratibu. Alikuwa na haki, na mimi ndiyo nikazidi kuwaka.

Alikaa siku mbili kwenye kochi, mita tatu kutoka kwao, anawasikiliza. Mvuvi. Mtu ambaye akisimama ufukweni anajua samaki wamekosa hewa kwa kutazama tu uso wa maji. Alijua kinachotokea nyuma ya lile pazia kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, akakaa, kwa heshima yangu. Ningemtukana ningejisikia vizuri. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na kwenye bakuli la dagaa nililomwachia hakuwa amegusa kitu.

Binti yangu alikuwa ameshaingia chumbani. Sikumsikia akilia. Alitoka akishika ukuta, kwa sababu miguu ilikuwa bado mizito, akaenda kusimama mbele ya babu yake.

"Babu, kwa nini hukuingia?"

"Ni chumba cha mama yako, mjukuu wangu. Mimi siingiagi kule."

Akafikiri. Ana tabia ya kufikiri huyu mtoto, wagonjwa wanapewa muda mwingi.

"Na kama ningekuwa mimi ndiyo nimo ndani? Mama hayupo, na mimi naumwa?"

Mzee aliigeuza kofia mkononi. Akaniangalia mimi, na huwa haniangaliagi. Nilitaka adanganye. Nilimwomba kwa macho, danganya baba, mimi nimemdanganya siku sita.

"Ningeita mtu," akasema.

Binti yangu akaitikia kwa kichwa, kama vile amejibiwa swali la shuleni. Akarudi chumbani.

Mzee aliondoka jioni ile ile, hakutaka chai. Sidhani kama alikasirika. Alitembea kuelekea stendi na ile ndoo yake tupu, nami sikumsindikiza, na hilo linanichoma mpaka leo.

Furu niliwafukia nyuma ya choo. Kesho yake nilirudi dukani nikanunua ile ya sponji. Muuzaji akaanza utani wake, akaniona, akaifunga tu kwenye mfuko. Kisha nikamwita jirani, tukabomoa kitanda cha mtoto, tukakitoa chumbani, tukakifunga upya sebuleni chini ya dirisha. Kochi tukalisukuma uani. Tangi tukaliweka kando ya kitanda, maji mapya, sponji ndani, pampu inanguruma. Samaki bado hakuna. Yule mama wa Bunda amesema maji yazunguke wiki kadhaa kwanza, sponji ishike uhai, vile vijidudu vinavyokula uchafu. Mtoto anajilaza anatazama mapovu. Kelele anasema ameizoea. Namwamini nusu.

Mume wangu alipiga simu, ameshasikia.

"Kitanda sebuleni? Wageni watakaa wapi?"

"Kwenye kitanda."

"Na baba akija?"

"Baba akija atakaa kitandani na mjukuu wake."

 Nyuma yake nilisikia mashine ya kusaga mawe.

"Amesema atakuja?" akauliza.

Nikamwambia sijui. Mtoto alikuwa macho, anasikiliza, na sikutaka kumwapia tena, nikaitoa simu nje.